Mayai Manane ya Katlesi: Namna ya Kulinda Mahitaji ya Mlo Uliokwisha Kupangwa

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa na viazi kilo mbili vilivyokwisha kuchemshwa na kupondwa, nyama ya kusaga iliyokwisha kukaushwa kwa tangawizi na kitunguu saumu, na sahani ya chenga za mkate, nikafungua friji kuchukua mayai manane ya kuchovyea katlesi za wageni wa saa nane mchana. Trei ilikuwapo, mayai hayakuwapo. Usiku wa kuamkia siku hiyo shemeji yangu, mwanafunzi wa chuo ambaye husoma mpaka saa saba usiku, alikuwa amekaanga zege, yaani chipsi mayai, na kula na mwenzake waliyejisomea pamoja. Zege ile ilimaliza mayai sita, na mawili yaliyobaki yalichemshwa alfajiri na mtu ambaye hadi leo hajajitokeza. Nilipomuuliza shemeji, alishangaa kwa dhati. "Shemeji, mimi nilijua ni ya watu wote. Si yalikuwa kwenye friji?"

Jibu lile lilinikera kwa siku mbili, na baadaye likanisaidia kuliko ushauri wowote niliowahi kupewa kuhusu jambo hili. Kiswahili kina neno udokozi, na mdokozi anajua vizuri anachokifanya: hufunua sufuria, huchomoa kipande cha nyama, hufunika polepole ili kifuniko kisilie, kisha hufuta midomo. Mtu aliyekula mayai ya katlesi saa sita usiku si mdokozi. Aliona chakula kwenye friji ya nyumba anayoishi, hakukuta alama yoyote ya kumwambia kwamba chakula kile kimekwisha kuwa cha kitu kingine, akala. Nyumba nyingi huwakemea wa aina zote mbili kwa sauti moja, na ndiyo maana kemeo halifanyi kazi. Hatua ninazozieleza hapa zimetokana na nyumba ya watu wanane: mimi na mume wangu, watoto watatu, shemeji, mama mkwe, na dada anayetusaidia kazi.

Anza na daftari

Kabla ya kuweka sheria yoyote, andika kwa muda wa wiki mbili kila kitu kilichokosekana ulipokihitaji, saa unazodhani kiliondoka, na kilikwenda kuwa nini. Usiandike jina la mtu, kwa sababu daftari lenye majina likionwa na wenyewe hugeuka hati ya mashtaka, na kuanzia siku hiyo hakuna atakayekuambia ukweli hata kuhusu kijiko kilichopotea.

Daftari langu lilionyesha mambo mawili ambayo sikuyatarajia. La kwanza ni kwamba vitu vingi viliondoka katika saa mbili tu za siku nzima, yaani saa kumi alasiri na karibu saa sita usiku. Saa kumi ni wakati watoto wanaporudi kutoka shule, na nilipohesabu niliona kwamba wanakula chakula cha mchana saa sita na cha usiku saa mbili, kwa hiyo nilikuwa nikiwaacha kwa muda wa saa nane nzima bila chakula nikategemea kwamba hawatagusa kitu. Saa sita usiku ni wakati wa shemeji na vitabu vyake. Hapakuwa na ulafi hapo. Palikuwa na njaa ya kawaida iliyokuwa ikifika kwa ratiba, sawasawa na treni.

La pili ni kwamba kinachoondoka ni kile kinacholika kama kilivyo au kinachohitaji hatua moja tu jikoni. Mayai, mkate, ndizi mbivu, karanga za kukaanga, maziwa, soseji, matango, viazi mviringo ambavyo kijana yeyote anajua kuvigeuza chipsi. Hivyo ndivyo vilivyojaza kurasa. Hakuna aliyewahi kugusa dengu kavu, unga wa ngano, bizari nyembamba wala kitunguu saumu. Chukua pilau ya Ijumaa kwa watu wanane: mchele kilo moja na robo, nyama kilo moja, vitunguu, viazi, tangawizi, na viungo vyake vya iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga. Katika orodha yote hiyo vilivyo hatarini ni nyama na viazi, pamoja na matango ya kachumbari na ndizi za kulia. Ukilinda hivyo vinne umelinda pilau, na unaweza kuacha kuhangaika na vingine.

Wenye njaa wapewe chao

Hatua ninayoiona kuwa na nguvu kuliko zote haihusu ulinzi hata kidogo. Tenga rafu moja, katika friji au kabatini, ambayo kila kilichomo kinaweza kuliwa na mtu yeyote saa yoyote bila kuomba ruhusa, na uitangaze hivyo. Kwangu ni rafu ya katikati ya friji na kikapu kilicho juu ya meza. Kila Jumapili jioni tunachemsha viazi vitamu kilo mbili au mihogo, tunaweka ndizi, karanga chache kwenye kopo, chapati zilizobaki, na kiporo cha siku ile kwenye chombo kinachoonyesha kilichomo. Dada anajua kwamba ifikapo saa tisa na nusu uji uwe tayari kwenye chupa ya chai, kwa sababu mtoto anayekuta uji hana sababu ya kufungua friji.

Wapo watakaosema kwamba hii ni gharama ya ziada. Nilifikiri hivyo pia, mpaka nilipolinganisha bei ya fungu la viazi vitamu na bei ya kukimbia dukani saa sita mchana kununua mayai ya rejareja, kila moja likiwa ghali kuliko la trei, huku wageni wakiwa njiani. Chakula cha saa kumi kitaliwa kwa vyovyote vile, na mwenye nyumba anachoweza kuchagua ni kitu kitakachopungua.

Kiporo kinahitaji tahadhari moja. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili kabla ya kuingizwa kwenye friji, nacho kiliwe ndani ya siku tatu au nne, kikiwa kimepashwa mpaka kitoe moshi katikati na si pembeni tu. Andika siku juu ya chombo. Rafu ya watu wote ikigeuka mahali pa kutupia vyakula vya tangu Jumatatu, watu wataiepuka na kurudi kwenye mayai.

Andika jina la mlo badala ya katazo

Kwa muda mrefu nilikuwa nikibandika karatasi zenye neno USIGUSE. Hazikusaidia. Katazo halimwambii mtu chochote isipokuwa kwamba kuna mtu amekasirika, na kila mmoja hujiona kuwa si yeye aliyekusudiwa. Kilichosaidia ni kuandika mlo, siku na idadi: "Mayai 8, katlesi, Jumamosi." Mtu anayeshika yai akiwa amesoma maneno hayo anaziona katlesi, anawaona wageni, na anajua kwamba akila mawili yatabaki sita.

Idadi ni muhimu kuliko unavyoweza kudhani. Trei moja ina mayai thelathini, na thelathini huonekana kama bahari: kila mtu akichukua moja tu kwa siku, watu wanane watakuwa wameimaliza kabla ya siku ya nne kwisha, na hakuna hata mmoja atakayejihisi kuwa amekula mayai mengi. Waliosema mchovya asali hachovyi mara moja walilijua hili. Kwa hiyo mayai ya mlo maalumu yatolewe kwenye trei na kuwekwa katika chombo chake chenye kifuniko. Yai lililo kwenye trei ni la nyumba. Lililotolewa limekwisha kupata kazi. Kipande cha karatasi, seloteipu na kalamu ya wino mzito vikae juu ya friji muda wote, kwa kuwa ukilazimika kuvitafuta chumbani hutaandika.

Mtoto asiyejua kusoma anahitaji alama ya macho. Sisi tunatumia vyombo vyenye vifuniko vyekundu kwa mahitaji ya milo iliyopangwa, na mdogo wa miaka minne alielewa ndani ya siku mbili, kiasi kwamba sasa ndiye askari mkali kuliko wote na hata baba yake humwogopa.

Pamoja na hayo, bandika ratiba ya milo ya wiki kwenye mlango wa jikoni au wa friji. Isiwe ndefu: siku, mlo, na kitu kimoja au viwili vinavyolindwa kwa ajili yake vinatosha. Faida yake ambayo sikuitegemea ni kwamba watu walianza kujadiliana nayo. Shemeji aliniomba nihamishe maharage ya nazi kutoka Jumatano kwenda Alhamisi kwa kuwa Jumatano huchelewa chuoni, na mtu aliyeomba maharage yahamishwe kwa ajili yake hawezi kuyala kabla hayajaungwa. Siku za manunuzi makubwa mimi hupiga picha ya friji na kuituma kwenye kundi la familia la WhatsApp, na kueleza kwa sentensi moja kilicho cha watu wote na kilicho na kazi. Ujumbe huo ni kwa ajili ya wanaume wa nyumba, ambao hawaisomi ratiba ya mlangoni lakini simu zao huzisoma hata wakiwa kwenye daladala.

Kiondolee kitu urahisi wa kuliwa

Ikiwa kinachopotea ni kile kinacholika kwa hatua moja, basi njia nzuri ya kukilinda ni kukisogeza mbele katika safari ya mapishi mpaka kisiwe tena kitu cha kula peke yake. Kazi hii hufanyika siku ileile unayotoka sokoni, nayo ina faida ya pili ya kukupunguzia kazi siku ya kupika.

Nyama usiiache katika mfuko ilivyotoka buchani. Ikate kwa vipande vya mlo unaoukusudia, ichanganye na tangawizi, kitunguu saumu, chumvi na ndimu, igawe kwa mlo mmoja mmoja, isambaze iwe bapa, kisha uigandishe. Friza iwe na baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, na friji isizidi nyuzi 4. Nyama ya kusaga ambayo haikuingia friza inapaswa kupikwa ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo kuigandisha mapema si suala la kuilinda dhidi ya watu peke yake. Nyama iliyoganda kama jiwe ina ulinzi wake: sijawahi kumwona mtu mwenye njaa ya saa sita usiku akiwa na subira ya kungoja iyeyuke.

Viazi vya katlesi vichemshe na kuviponda mapema, kwa maana kiazi kilichopondwa hakiwezi tena kuwa chipsi. Mkate wa chenga ukaushe katika sufuria kavu na kuusaga siku hiyohiyo, usiuache mzima ukiuamini. Ndizi mbivu za mkate wa ndizi zimenye, ziponde na kuzigandisha. Za kulia pilau zinunue zikiwa na ubichi kidogo siku tatu kabla, zifike Ijumaa zikiwa zimeiva na zikiwa bado zipo. Karanga za mchicha zitwange zikiwa mbichi, kwa sababu harufu ya karanga za kukaangwa huwaita watu hadi wa nyumba ya jirani.

Nazi ni somo peke yake. Mtoto anayekaa karibu na mbuzi wakati nazi inakunwa atakula robo yake kabla haijafika kwenye kifumbu, na mimi nilifanya hivyohivyo nikiwa na umri wake, kwa hiyo humpa kipande chake mapema na kumwondoa pale. Kisha huchuja tui zito peke yake na tui jepesi peke yake, huyatia katika vikopo vidogo vyenye vifuniko na kuyagandisha. Likiyeyuka tui hujitenga, maji chini na mafuta juu, lakini ukilikoroga hurudi katika hali yake na mchuzi hautajua tofauti.

Nina onyo kuhusu maharage. Yaliyolowekwa hakuna anayeyagusa, ila yaliyochemshwa nusu na kuachwa jikoni huonjwa na kila anayepita. Maharage mekundu yasiyoiva yana sumu ya asili inayosababisha kutapika na kuharisha, nayo huondoka tu kwa kuyachemsha yakitokota kwa nguvu kwa dakika zisizopungua kumi. Ukiyaanza, yamalize. Na kama umewahi kushauriwa uweke pilipili kichaa ndani ya chakula ili umnase mdokozi, usifanye hivyo, maana anayenaswa kwa kawaida ni mtoto ambaye hakuhusika.

Suala la umeme nalo lina nafasi yake hapa, kwa sababu kwetu luku ikiisha au umeme ukikatika hutokea mtu akaanza kula vilivyomo "kabla havijaharibika". Ukweli ni kwamba friji isiyofunguliwa huhifadhi baridi kwa takriban saa nne, na friza iliyojaa huweza kufikisha saa 48, au 24 ikiwa imejaa nusu. Andika tarakimu hizo kwenye karatasi na kuibandika mlangoni, na kisingizio hicho kitakufa siku hiyohiyo.

Kuficha, lakini kwa kiasi

Bibi yangu alikuwa na susu iliyoning'inia juu ya mafiga, na ndani yake kulikuwa na samaki wa kukaushwa, nyama iliyobaki, na wakati mwingine kipande cha halua. Susu iliwazuia paka na panya, na kwa sababu ya urefu wake ilituzuia na sisi, lakini haikuwa siri. Kila mtu aliiona na kila mtu alijua kwamba kilichomo kina wakati wake. Ninaipendelea njia hiyo kuliko kufuli. Nimeona friji zilizofungwa kwa mnyororo, na nilichokiona katika nyumba hizo ni watoto wanaokula haraka na kwa kujificha hata wanapokuwa wamepewa.

Vipo hata hivyo vitu vichache ambavyo ni haki kuvificha: korosho, zabibu kavu, chokoleti ya keki, vile ambavyo ni vigumu kuvipatia mbadala na ni ghali kurudi kuvinunua. Vifiche ndani ya kitu kisichovutia, kama vile sufuria kubwa ya shughuli au kopo la unga wa mtama, na umwambie mtu mmoja mwingine mahali vilipo. Niliwahi kuficha zabibu za tambi kwa ustadi mkubwa mno, nikazikuta baada ya miezi zikiwa na sisimizi walioanzisha kijiji.

Kuzungumza na wakubwa

Watoto wana uji na vifuniko vyekundu. Watu wazima wanahitaji maneno, na maneno hayo yanatofautiana kwa kadiri ya mtu.

Na shemeji nilizungumza tukiwa wawili tu, baada ya wageni kuondoka. Sikumwuliza kwa nini alikula. Nilimweleza mayai yale yalikuwa ya nini, na nikamwomba tukubaliane mambo mawili. Kwanza, chochote chenye karatasi akikihitaji aniulize kwa ujumbe hata kama ni usiku, nami nitamjibu nikiamka. Pili, akikila bila kuuliza akirudishe kabla ya siku iliyoandikwa, na si mwisho wa mwezi. Kurudisha kabla ya siku ndiyo kiini cha makubaliano, kwa sababu fedha haichovyi katlesi. Alicheka na akakubali. Ameshawahi kunitumia ujumbe saa sita na dakika kumi usiku: "Shemeji, soseji nne za kijani au za nyekundu?" Alikuwa akiuliza rangi ya kifuniko, kama ni za watu wote au za mlo uliopangwa.

Mama mkwe hawezi kuambiwa hivyo, na sikujaribu. Mtu aliyemlea mume wangu hawezi kuonyeshwa karatasi na kuulizwa kuhusu maziwa. Nilimwendea nikamwambia, "Mama, nashindwa kuyasimamia haya ya jikoni, vitu vinaisha kabla ya siku yake, naomba unishikie." Tangu hapo yeye ndiye anayehesabu mayai ya kwenye chombo, naye ana ukali wa kutosha nyumba mbili. Nilipoteza kidogo katika jambo hilo, maana sasa mimi pia huomba ruhusa kuchukua iliki.

Kwa mume tatizo lilikuwa marafiki. Yeye mwenyewe hali sana, ila huja na watu saa mbili usiku bila taarifa na kuwakirimu kwa kilichopo, na kwa desturi zetu hawezi kufanya vinginevyo. Badala ya kumzuia kukirimu, tuliweka mfuko wa wageni ndani ya friza: sambusa ishirini zilizokwisha kufungwa na kachori za kukaanga. Wageni wakija hutolewa huo, na pilau ya kesho hubaki ya kesho.

Dada wa kazi ndiye anayelaumiwa kwanza katika nyumba nyingi, na mara nyingi ndiye asiyehusika. Usimfanye mlinzi wa friji dhidi ya watu waliomzidi umri au nafasi, kwa kuwa hana uwezo wa kumkatalia mwenye nyumba, na kitu kikipotea lawama itarudi kwake. Mwambie waziwazi kwamba rafu ya watu wote ni yake pia. Kuna nyumba ambamo hili halijawahi kutamkwa, na dada anayelea watoto humo hula ukoko.

Mwezi wa Ramadhani

Ramadhani hugeuza mambo juu chini, maana mahitaji ni mengi, mapishi ni ya kila siku, na katika nyumba moja wapo wanaofunga na wasiofunga. Tende, tambi, maziwa ya uji wa futari na manda za sambusa huisha kwa namna zisizoeleweka. Funga sambusa za wiki nzima kwa siku moja, zigandishe katika mafungu ya siku moja moja, na utoe fungu moja tu kila alasiri. Kilichobaki kikiwa kigumu na kibichi hakuna anayekitamani.

Weka pia, bila kutangaza sana, chakula cha mchana cha wasiofunga. Watoto wadogo wanajulikana, na mgonjwa anajulikana, lakini wasichana na wanawake walio katika siku zao hawapaswi kulazimika kueleza chochote ili wapate kipande cha mkate. Kabla sijaweka chombo hicho, tambi za futari zilikuwa zikipungua mchana na hakuna aliyesema neno, nami nikawa nawashuku watoto. Sasa kuna hotpoti ndogo kabatini ambayo mtu huifungua na kuifunga, na haihesabiwi na yeyote, hata na mama.

Daku nalo lina adui wake, ambaye ni mtu asiyelala. Wali wa saa kumi alfajiri ukiachwa juu ya jiko baada ya tarawehe utaliwa saa tano usiku. Tenganisha sehemu ya daku mara tu unapopakua futari, iweke katika chombo chenye karatasi, na uiingize kwenye friji kabla watu hawajarudi kutoka msikitini.

Kikishaliwa

Pamoja na yote haya, itatokea siku ambayo utafungua chombo na kukuta karatasi peke yake. Usianze na upelelezi, anza na mlo. Katlesi bila mayai huchovywa katika uji mwepesi wa unga wa ngano na maji wenye chumvi kidogo, kisha huviringishwa kwenye chenga, na zilizopozwa nusu saa ndani ya friji kabla ya kukaangwa hazipasuki; za Jumamosi ile nilizipika hivyo. Nyama ya pilau ikipungua, ongeza viazi na kuvikaanga pamoja na vitunguu mpaka viwe vya dhahabu. Tui likikosekana, karanga zilizotwangwa zitabeba mchicha vizuri, na maharage pia. Nyanya zikiliwa, ukwaju utaleta ukali uleule katika mchuzi wa samaki.

Mlo usioweza kuokolewa uahirishe waziwazi: futa kwenye ratiba, uandike siku mpya, na pembeni uandike kilichokosekana bila jina. Nami huweka mlo mmoja wa dharura usiohitaji friji wala kuulinda, nao ni dagaa kavu, kitunguu kimoja, ndimu, na unga wa sembe. Huiva ndani ya nusu saa, na katika miaka yote hii hakuna aliyewahi kudokoa dagaa wangu kabla hawajakaangwa, isipokuwa paka wa jirani, ambaye hajui kusoma.